Jinsi ya kupata cheti cha kidato cha nne ukubwani kwa kipato kidogo

Kila Januari maswali ni yaleyale. "Mwalimu, nina miaka 37, bado naruhusiwa?" "Niliishia la saba, naanzia wapi?" "Nilipata ziro zamani, naweza kuriseti?" "Ni lazima nilipie kituo cha jioni?" Nimekaa jioni nyingi na watu wazima wanaojiandaa na mitihani hii hapa Tanzania: mafundi, mama lishe, walinzi, madereva wa bodaboda. Majibu nimeyarudia mara nyingi, sasa nayaandika yote pamoja.

Ndiyo, unaruhusiwa. Miaka 37 haikuzuii, hata 50 haikuzuii. Na kuna jambo moja nataka ulishike tangu mwanzo: gharama kubwa pekee usiyoweza kuikwepa ni ada ya mtihani. Vitabu vipo bure, mitihani ya miaka iliyopita ipo bure, hata ripoti zinazoeleza kwa nini watu walifeli zipo bure. Wanaoishia njiani niliowaona wengi wao hawakukosa ada. Pesa yao ya kwanza ilikwenda pasipostahili, au walifika kujisajili dirisha likiwa limefungwa, mwaka ukapotea.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Cheti cha kumaliza elimu ya msingi, yaani cha la saba.
- Cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha NIDA.
- Namba yako ya mtihani wa zamani, kama uliwahi kufanya kidato cha pili au cha nne. Ya kidato cha nne inaanza na S kama ulikuwa shuleni, au P kama ulikuwa wa kujitegemea, ikifuatiwa na namba ya kituo, yako, na mwaka.
- Simu janja, yako au ya kuazima kwa mtu wa nyumbani.
- Kaunta buku mbili kubwa na kalamu za bluu au nyeusi.
- Saa moja na nusu kwa siku ambayo watu wa nyumbani wanajua kuwa husumbuliwi.

Vitandaze vyeti vyako mezani usome majina herufi kwa herufi. Dada mmoja niliyemfundisha, jina lake la katikati lilikuwa na herufi "h" kwenye cheti cha la saba na halikuwa nayo kwenye NIDA. Herufi moja tu. Aligundua wakati wa kujisajili, akaanza kuzunguka maofisini siku ambazo wenzake walikuwa wameshafungua vitabu. Likague jina leo. Kama vyeti havilingani, peleka tatizo hilo mapema kwa mkuu wa kituo utakachofanyia mtihani, kabla hujalipa chochote. Kurekebisha jina baada ya mtihani ni safari ndefu sana.

Hatua ya 1: Jua mlango wako

Wewe utaitwa mtahiniwa wa kujitegemea, yaani anayefanya mtihani bila kuwa mwanafunzi wa shule, na milango iko mitatu.

Uliishia la saba. Unaanza na Mtihani wa Maarifa, ambao kila mtu anauita QT. Unapima masomo ya kidato cha kwanza na cha pili. Ukifaulu, ndipo unasajiliwa kidato cha nne. Mitihani yote miwili hufanyika Novemba, kwa hiyo safari fupi kabisa ni Novemba mbili. Anayekuahidi ya miezi sita anakuuzia kitu ambacho hakipo.

Uliingia sekondari, ukafaulu upimaji wa kidato cha pili, kisha ukaacha. Wewe huhitaji QT. Unakwenda moja kwa moja kidato cha nne. Nasisitiza kwa sababu nimeona watu wakilipia QT na kupoteza mwaka mzima bila ulazima, kisa waliambiwa "wote wa kujitegemea huanzia QT." Si kweli.

Ulifanya kidato cha nne matokeo hayakuwa mazuri. Unariseti, na unaweza kuchagua masomo unayohitaji tu badala ya kurudia yote.

Kama hukumaliza la saba, usijisajili popote bado. Nenda halmashauri yako, muulizie Afisa Elimu ya Watu Wazima, umwambie umefika darasa gani. Atakueleza kuhusu MUKEJA, madarasa ya watu wazima. Kwa mtoto au kijana aliyeikosa shule kuna MEMKWA. Na kama wewe ni binti uliyeacha shule kwa ujauzito, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu kurudi kwenye mfumo rasmi. Uliza pia ofisi ya mkoa ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kama kuna nafasi za mpango wa mabinti waliokatisha masomo. Uliza hilo kabla hujatoa hata shilingi moja.

Hatua ya 2: Jua cheti unakitakia nini

Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayookoa pesa kuliko zote.

Alama zinakwenda hivi: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44. Chini ya 30 ni F. A ina pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Wanachukua masomo yako saba yaliyofanya vizuri, wanajumlisha pointi. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Ukiwa na 34 au 35 ni ziro.

Piga hesabu mwenyewe: D mbili na F tano ni 8 na 25, jumla 33. Hilo ni daraja la nne, cheti unapata. Lakini vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, kwa ngazi ya astashahada, kwa kawaida vinataka ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini. Ndiyo "D nne" unayoisikia. Mwenye D mbili ana cheti ambacho hakimfikishi chuoni, na wengi hulijua hilo wakiwa tayari kwenye dirisha la udahili. Kwa hiyo lengo lako la chini kabisa liwe D nne, na ujiandae kwa masomo matano ili moja likiteleza ubaki salama.

Kozi za afya zina masharti yake: ndani ya hizo D nne huwa wanataka Baiolojia na Kemia, na uuguzi unataka na Fizikia. Ualimu unataka daraja la juu zaidi ya la nne. Na kama shida yako ni ufundi, ushonaji, umeme wa majumbani au magari, pita VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, kwanza ukaulize. Zipo kozi zinazopokea mtu wa la saba, na huenda unachokihitaji kipo hapo bila kusubiri Novemba mbili.

Hatua ya 3: Chagua masomo

Anayefanya kidato cha nne kwa mara ya kwanza anasajili masomo yasiyopungua saba. Kwa mtu anayesoma mwenyewe baada ya kazi, mkusanyiko wa kawaida ni Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia na Hisabati.

Baiolojia, Fizikia na Kemia zina sehemu ya vitendo. Kama huendi kwenye afya au uhandisi na huna maabara ya kufanyia mazoezi, Fizikia na Kemia ziache. Kwa Baiolojia, na kwa hizo mbili kama unazihitaji kweli, muulize mkuu wa kituo kabla ya kusajili jinsi vitendo vinavyofanyika pale.

Kiswahili usikidharau. Watu huingia wakidhani lugha wanayoiongea kila siku haihitaji kusomwa, halafu wanakutana na uchambuzi wa sentensi, ngeli na uhakiki wa ushairi. Ukikisoma kwa haki kinakupa C au B, na B moja inashusha pointi zako kuliko unavyofikiri.

Hisabati usiikimbie. Fomati ya miaka ya karibuni ina sehemu A yenye maswali 10 ya alama 6 kila moja, na sehemu B yenye maswali 4 ya alama 10. Maswali matano kamili ya sehemu A ni alama 30, na 30 ni D. Hujaambiwa ujue hisabati yote. Umeambiwa ujue mada tano au sita kwa uhakika, na zipo ambazo mtu wa biashara ameshazigusa: uwiano, faida na hasara, takwimu. Mama mmoja muuza mitumba aliniambia hisabati haimwingii. Nikamuuliza: gauni umenunua 8,000 ukaliuza 10,000, faida ni asilimia ngapi? Akajibu papo hapo, "Asilimia 20, elfu mbili kwenye elfu kumi." Kosa lake ndilo kosa la wengi kwenye pepa: faida inagawanywa kwa bei ya kununulia. Elfu mbili kwa elfu nane ni asilimia 25. Alilielewa kwa dakika moja kwa sababu gauni alilijua. Hilo ni swali la mtihani kabisa.

Angalizo moja: mtaala wa sekondari uliboreshwa mwaka 2023 na unaingia kwa awamu, na baadhi ya masomo yamebadilika majina na maudhui. Kabla hujanunua au kuazima kitabu chochote, hakikisha mtihani wa mwaka wako unafuata muhtasari upi. Muulize mkuu wa kituo, na uangalie fomati kwenye tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania.

Hatua ya 4: Chagua namna ya kusoma

Ya kwanza ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975 na yenye ofisi mikoani. Ina mpango wa sekondari kwa njia ya masafa, ambapo kidato cha kwanza na cha pili husomwa kwa mwaka mmoja, na cha tatu na cha nne mwaka unaofuata. Kama unajijua kwamba bila mwalimu hutafungua kitabu, anzia hapo kuuliza.

Ya pili ni vituo binafsi vya jioni. Vipo vizuri sana na vipo vya hovyo. Kabla ya kulipa, omba ukae darasani siku moja. Uliza wana walimu wangapi wa masomo yako saba. Uliza kama unaweza kulipia masomo mawili tu yanayokushinda, kwa kuwa vituo vingi vitakubali ukiuliza, na wachache wanauliza. Usilipe mwaka mzima kwa mkupuo.

Ya tatu ni kusoma mwenyewe ukiwa na kikundi cha watu watatu au wanne, ndiyo ya bei ndogo kuliko zote. Ushauri wangu kwa mwenye kipato kidogo ni kuchanganya: masomo matano soma mwenyewe na wenzako, Hisabati na Kiingereza tafuta tuisheni. Jaribu pia kuzungumza na mwalimu wa shule ya kata iliyo karibu. Nimeona walimu wakiwafundisha watu wanne kwa malipo ambayo kila mmoja alimudu.

Hatua ya 5: Weka akiba, kisha jisajili mapema

Usajili wa QT na kidato cha nne kwa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa Januari 1 na kwenda hadi mwisho wa Februari kwa ada ya kawaida. Machi ni mwezi wa faini. Katika matangazo ya miaka ya karibuni ada imekuwa shilingi 30,000 kwa QT na 50,000 kwa kidato cha nne. Ukingoja Machi, 40,000 na 65,000. Soma tangazo la mwaka wako kwenye tovuti ya NECTA uthibitishe.

Ukianza Juni kuweka 2,000 kila wiki, kufika mwisho wa Desemba una kama 60,000. Ada imetosha na chenji ya kopi imebaki. Iweke mahali pasipo na mkono mwepesi, kwenye kibubu au kwenye kikoba, ila si kwenye pochi.

Kujisajili kwenyewe:

1. Nenda kwenye kituo cha watahiniwa wa kujitegemea unachotaka kufanyia mtihani. Vingi viko kwenye shule za sekondari. Chagua cha karibu na nyumbani, maana Novemba utakwenda pale siku nyingi mfululizo na nauli ni yako.
2. Onana na mkuu wa kituo na vyeti vyako halisi pamoja na kopi. Atakupa namba rejea ya kukuwezesha kujaza fomu ya NECTA mtandaoni.
3. Jaza fomu taratibu. Kama unajaziwa steshenari, kaa pembeni ya anayechapa usome jina na masomo kabla hajabonyeza.
4. Lipa kwa kontroli namba, wewe mwenyewe, kwa simu au benki. Usimpe mtu pesa mkononi akulipie.
5. Chapa fomu iliyokamilika, mrudishie mkuu wa kituo nakala yake, yako uihifadhi pamoja na ujumbe wa malipo.

Vishoka huwa wengi mwezi wa pili. Anayesema atakusajili bila cheti cha la saba, au ana "njia ndani ya Baraza", anataka pesa yako. Na anayeuza mtihani kabla haujafanyika anakuuzia kufutiwa matokeo.

Kwa aliyefanya QT kuna mtego wa tarehe. Matokeo yamekuwa yakitoka mwezi Januari, mara nyingi katika siku zake za mwisho, na dirisha la ada ya kawaida linafungwa Februari. Una wiki chache tu. Ada ya kidato cha nne iwe tayari kabla matokeo hayajatoka.

Hatua ya 6: Kusanya vitabu vya bure

Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya sekondari ambavyo unavisoma bila kulipa. Fungua akaunti mara moja, anza na kitabu kimoja cha kila somo.

Tovuti ya NECTA ina vitu vitatu vya lazima: fomati za mitihani, mitihani iliyopita, na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hizi za tatu ni hazina ambayo watu wengi hawajaifungua. Kwa kila somo, NECTA wanaandika swali, wanaeleza watahiniwa walikosea wapi, halafu wanaweka picha ya majibu halisi yaliyoandikwa kwa mkono, zuri na baya. Unauona mwandiko wa mtu aliyepewa swali la sababu akaandika madhara. Ukisoma ripoti tatu za Uraia hutalirudia kosa hilo.

Pakua vyote siku moja yenye bando, uvihifadhi kwenye simu. Kuanzia hapo unasoma bila data. Vya kuchapa chapa vichache: fomati, na mitihani miwili ya Hisabati. Maktaba za mikoa za Bodi ya Huduma za Maktaba nazo zina vitabu vya kiada, meza na utulivu, na kama nyumbani kwako ni chumba kimoja na watoto watatu, huo utulivu una thamani kuliko kitabu.

Hatua ya 7: Panga wiki, usipange mwezi

Ratiba ya miezi kumi hubandikwa ukutani ikasahaulika. Panga wiki moja tu kila Jumapili. Siku tano za dakika 90, masomo mawili kwa siku, Hisabati iwepo mara tatu kwa wiki hata kwa dakika 30. Jumamosi ni kikundi. Ukikosa siku, usijaribu kuifidia usiku kucha. Endelea na ya kesho.

Dereva mmoja wa bodaboda alikuwa akiandika swali moja kwenye kipande cha karatasi asubuhi na kukibandika kwenye tangi la pikipiki. Akisubiri abiria anajijibu kimoyomoyo, jioni anaandika jibu kwenye kaunta buku. Historia yote aliisoma kijiweni namna hiyo.

Hatua ya 8: Kabili Kiingereza mapema

Mtihani wa kidato cha nne, ukiacha Kiswahili na masomo machache, huandikwa kwa Kiingereza. Kwa mtu aliyesoma msingi kwa Kiswahili na kukaa miaka 15 nje ya darasa, huu ndio mlima wenyewe. Nimewaona watu wanaoijua vita ya Majimaji kuliko mimi wakitoka na F ya Historia, kwa kuwa walichokijua kilikwama mdomoni.

Usianze na sarufi. Anza na maneno ya amri yaliyo kwenye mitihani iliyopita, hayazidi ishirini. "Outline" inataka utaje kwa ufupi. "Explain" inataka hoja na maelezo yake. "Differentiate" inataka tofauti zikabiliane, moja huku nyingine kule. Ukieleza kitu cha kwanza ukamaliza, kisha cha pili ukamaliza, unapoteza alama. Yaandike kwenye karatasi moja, uibandike jikoni au dukani.

Kisha kila mada unayosoma, toa maneno kumi ya msingi, andika maana kwa Kiswahili, halafu tunga sentensi fupi tano za Kiingereza. Fupi. Kitenzi kimoja. Msahihishaji wa Jiografia anatafuta hoja yako, si ufasaha. Hoja sita zilizoandikwa kwa sentensi fupi zitakupa zaidi ya ukurasa mzima usioeleweka. Soma jibu lako kwa sauti kwenye kikundi, mwenzako akilielewa mara moja, limetosha.

Hatua ya 9: Kuanzia Julai, ishi na pepa

Fanya pepa moja kamili kila wiki kwa saa tatu, simu ikiwa imezimwa. Masomo mengi kama Uraia, Historia, Jiografia na Baiolojia yamekuwa na muundo unaofanana: sehemu A alama 16 za kuchagua na kuoanisha, sehemu B alama 54, sehemu C alama 30 kwa maswali mawili marefu. Watu wazima wengi humwaga saa nzima kwenye swali refu wanalolipenda, sehemu B ikabaki nusu. Gawa muda kwa alama: sehemu B ipate zaidi ya nusu ya muda wako wote.

Mwanafunzi wa shuleni huingia na alama za maendeleo zilizokusanywa darasani. Wewe huna hizo. Karatasi ya Novemba ndiyo kila kitu, kwa hiyo mazoezi ya kukaa saa tatu umeshika kalamu si ya kuruka. Mkono wa mtu ambaye hajaandika kwa miaka mingi huuma kweli baada ya saa moja.

Hatua ya 10: Novemba

Omba ruhusa kazini mapema, ukiwa na ratiba ya mtihani mkononi. Siku ya kwanza fika kituoni saa moja kabla. Simu iache nyumbani, kukutwa nayo ndani ya chumba cha mtihani kunaweza kukufutia kila kitu. Andika namba yako ya mtihani kila ukurasa, maandishi kwa wino wa bluu au mweusi, michoro kwa penseli.

Ukikwama

*Cheti cha la saba kimepotea.* Chukua ripoti ya upotevu polisi, kisha nenda shuleni ulikomaliza, kisha ofisi ya elimu ya halmashauri husika. Anza Oktoba, usisubiri Februari.

*Namba ya mtihani wa zamani nimeisahau.* Tovuti ya NECTA ina matokeo ya miaka mingi. Tafuta shule yako na mwaka wako. Ukikosa, shule ina kumbukumbu.

*Dirisha limefungwa na sijajisajili.* Mwaka huo hufanyi. Usimlipe anayedai anaweza. Ila usiache kusoma: utaingia Januari ukiwa mbele ya wenzako kwa miezi tisa.

*Naona aibu kukaa na watoto.* Ingia kituo cha kujitegemea siku ya mtihani uone. Utakuta baba wa miaka 45 na mama anayenyonyesha wakati wa mapumziko. Hakuna atakayekushangaa.

*Nasoma lakini sikumbuki kitu.* Unasoma tena na tena badala ya kujiuliza. Funga kitabu, andika ulichokumbuka, fungua uone ulichoacha. Dakika 20 za hivyo zinashinda saa mbili za kupigia mistari.

*Nimepata D tatu.* Umebakiza moja, usirudie masomo saba. Riseti masomo mawili unayoyaweza zaidi kati ya uliyofeli. Vyuo vingi hupokea ufaulu wa mitihani miwili ukiunganishwa, ila muulize afisa udahili wa chuo unachokitaka kabla hujalipa ada ya pili.

*Nimefeli QT.* Andika alama zako za kila somo kwenye karatasi, uzungushie yale ya F, uende nazo kwa mwalimu wiki hiyohiyo. Matokeo yakitoka Januari, dirisha la usajili liko wazi tayari, na mkuu wa kituo unamjua.